Mshika Mlango

Kila asubuhi nilipofungua macho, kitu cha kwanza kusikia kilikuwa cherehani ya mama. Alishonea kibarazani ili apate mwanga wa bure, na mimi nilikuwa na kazi ya kumtungia uzi kwenye sindano, kwa sababu alidai macho yake yamechoka kutazama makalio ya suruali za watu. Nikimaliza, nilifagia vipande vya vitambaa, nikavaa sare, nikanywa chai kidogo. Hapo mama alinijazia chupa maji yaliyochemshwa, akakaza kifuniko, akasema maneno yale yale ya kila siku.

"Ikirudi na maji, nitakunywesha kwa kijiko kama mtoto mchanga."

"Haitarudi na maji, mama."

Na kweli haikurudi nayo. Nikishafika nyuma ya nyumba, nikiwa na hakika kwamba hanioni, niliyamwaga yote kwenye kopo la mche wa pilipili. Mche ule ulinenepa, mimi nikakonda. Mama alijisifu kwa wateja kwamba bintiye ana mkono wa baraka katika kilimo.

Ili mwelewe kwa nini msichana wa miaka kumi na mitatu, mwenye akili zake timamu, anamwaga maji yake ya kunywa, lazima kwanza niwaeleze habari za vyoo vya shule yetu.

Vyoo vya wasichana vilikuwa vinne, vyenye milango minne, na komeo hata moja halikuwepo. Makomeo yaling'oka zamani, yakabaki matundu ya misumari. Kwa hiyo sisi wenyewe tulijiwekea utaratibu ambao hakuna mwalimu aliyetufundisha. Hakuna aliyekwenda chooni peke yake. Kila msichana alikuwa na mshika mlango wake. Mshika mlango husimama nje, ameupa mlango mgongo, mkono mmoja nyuma umeushika ubao, na habanduki hata nyuki wakija. Tena haruhusiwi kunyamaza. Lazima aongee au aimbe, ili aliye ndani ajue hajaachwa. Ukimaliza, mnabadilishana. Kumkubali mtu akushikie mlango lilikuwa jambo kubwa, kubwa kuliko kumwazima daftari la mazoezi.

Mshika mlango wangu nilimwita Pacha, naye akaniita hivyo hivyo. Hatukuwa ndugu wala hatukufanana. Yeye alikuwa mrefu, mimi mfupi wa kutafutwa kwenye mstari. Watu walituita mapacha kwa utani kwa sababu ukimwona mmoja, mwingine yuko hatua mbili nyuma, na jina likakwama. Alinishikia mlango tangu darasa la pili. Akiwa nje alinisimulia ugomvi wa mjomba wake na bata wa jirani, kila siku kipande kipya, na nusu yake nadhani alitunga. Mara nyingine nilikaa ndani kupita haja yenyewe ili nisikie mwisho. Hata sasa nikiikumbuka sauti ile ikipenya kwenye matundu ya misumari, moyo hunisokota.

Mambo yaliharibika tulipofika darasa la sita. Sketi yangu ya sare ilikuwa imefuliwa hadi ikawa nyepesi mno, na nikisimama juani miguu yangu yote ilionekana. Mama hakuwa na uwezo wa kununua kitambaa kingine. Mganga hajigangi, na mtoto wa fundi naye huvaa anachobakishiwa. Akamwomba mwoka mikate mifuko mitupu ya unga, ile ya pamba, akaichemsha kwa sabuni na kuianika mara tatu. Wino wa buluu ulififia, lakini haukutoka wote.

"Tutashona mashimizi," akasema. "Ni vazi la ndani. Hakuna atakayeona."

Yakashonwa mawili. La kwanza lilikuwa la mteja. Mama yake Pacha alikuja jioni moja, akiongea kwa kunong'ona, akaomba bintiye ashonewe kwa kitambaa hicho hicho, maana hata kwao mambo yalikuwa magumu tangu baba yake Pacha aachishwe kazi kiwandani. Mama alilikata shimizi lile kwa ustadi, maandishi yote yakaishia ndani ya pindo, na chini akaweka lesi. La pili lilikuwa langu, nami nikamsihi mama aniache nilishone mwenyewe. Lilikuwa vazi langu la kwanza maishani. Nililishona vizuri, mishono imenyooka, ila upande wenye wino ulikuwa mgumu na uliniwasha. Basi nikaugeuzia nje ili upande laini ukae mwilini. Nilijiona mjanja sana. Maandishi yakatua nyuma, pale pale ninapokalia, yakiwa wima na yanasomeka bila miwani: KILO 50.

Mama alipoliona alicheka hadi akashika ukuta.

"Fumua ugeuze," akasema.

"Nitafumua kesho."

Sikufumua. Kesho ya mvivu haina tarehe. Lakini onyo lake la pili nililishika. Aliniambia nisije nikamtajia mtu yeyote nani kashonewa nini, na kwa kitambaa gani. "Fundi humwona mteja asivyoonwa na wengine," alisema. "Kilichopimwa kwa futi kibaki kwenye futi." Hata na Pacha mwenyewe hatukulizungumza jambo lile. Alijua kwamba ninajua, basi, tukaendelea na habari za bata.

Siku yenyewe ilikuwa ya upepo. Ilikuwa saa ya mapumziko, na foleni ya vyooni ilikuwa ndefu. Katika foleni alikuwemo msichana tuliyemwita Redio, kwa sababu habari ikimwingia sikioni haimalizi dakika moja kabla haijatokea mdomoni. Mimi nilikuwa ndani nikijiweka sawa, sketi bado iko juu. Nje Pacha alikuwa akisimulia. Redio akamnyooshea pipi. Pacha akanyoosha mkono kuipokea, na mkono wenyewe ndio uliokuwa umeushika mlango. Upepo ukamalizia kazi. Mlango ulifunguka hadi ukagonga ukuta, na mimi nilikuwa nimeipa mgongo foleni nzima.

"Kilo hamsini!" Redio akasoma kwa sauti ya mtangazaji.

Kikafuata kicheko kimoja, kisha vyote. Kile cha kwanza nilikitambua kabla sijageuka. Kilikuwa cha Pacha.

Kuanzia siku hiyo jina langu likawa Kilo Hamsini. Nikipita, mtu alipaza sauti, "Pisheni, mzigo unapita!" Mwingine akajibu, "Leteni mkokoteni!" Wavulana ambao hawakuona chochote ndio waliopiga kelele zaidi. Nyumbani nililifumua shimizi jioni ile ile, nikaligeuza, lakini nilikuwa nimechelewa. Ukweli ni kwamba jina ningelizoea. Nisichoweza kukizoea ni kwamba kesho yake Pacha alichukua mkoba wake, bila neno, akahamia dawati la Redio. Nikabaki na nafasi tupu kushoto kwangu, na nikawa nalala mezani kwa upande wa kulia ili nisiione.

Hakuna aliyejitolea kunishikia mlango, na kwenda peke yangu sikuthubutu. Nikapiga hesabu yangu. Kinachoingia ndicho kitokacho. Kama hakiingii, hakitatoka. Nikaacha kunywa maji kuanzia asubuhi hadi nirudi nyumbani, na hata chai nilipunguza. Mchana kichwa kilinigonga. Ubaoni maandishi yalicheza. Nikirudi nyumbani nilipitiliza chooni mbio, mkoba ukiwa bado mgongoni. Baada ya wiki chache, kukojoa kukaanza kuniunguza, na kiuno kikauma kama nimelima kutwa.

"Mbona umenyauka hivi?" mama aliniuliza.

"Mitihani, mama."

"Mitihani haijawahi kumla mtu mashavu," akasema, lakini wateja walikuwa wakisubiri, naye akarudi kwenye cherehani.

Alasiri moja, kabla mwalimu hajaingia darasani, Redio aligeuka akaniuliza, "Eti Kilo Hamsini, mama yako anashona na soksi za gunia?" Darasa likaangua kicheko. Pacha naye alicheka, macho yake yakiwa mezani. Maneno yakanijia hadi kwenye ncha ya ulimi. Nilitaka kusema: muulize huyo uliyekaa naye, ndani amevaa nini. Sentensi moja tu, na jina lile lingemhamia yeye. Pacha aliinua macho akaniona nilivyofungua mdomo. Uso ukamshuka, mkono wake ukashika pindo la sketi yake na kulivuta chini.

Nikafunga mdomo. Nisijisifu kwamba ilikuwa ni wema mtupu, wala onyo la mama peke yake. Nilijua kwamba nikisema, hatarudi tena kamwe, nami bado nilikuwa nataka arudi. Nilimtaka hata akiwa anacheka.

Wiki iliyofuata, tukiwa mstarini asubuhi, bendera ikaanza kuniyumbia. Nilisikia baridi ilhali jua lilikuwa kali. Kitu kingine ninachokumbuka ni mchanga shavuni, na mwalimu wetu wa darasa akinishika paji la uso na kusema, "Huyu anachemka. Twende zahanati."

Muuguzi wa zahanati alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa uzi sikioni. Alinipa kikopo, nikaenda na kurudi na matone machache yaliyokolea kama chai ya rangi. Alikiinua kikopo dirishani, akakitazama, kisha akanitazama mimi.

"Binti, mara ya mwisho kunywa maji ni lini?"

"Jana jioni."

Wakati huo mama akaingia akihema, futi ikining'inia shingoni na pini zimejaa kifuani, maana aliacha gauni la mtu limekatwa nusu. "Haiwezekani, muuguzi," akasema. "Kila siku namjazia chupa nzima, na inarudi tupu!"

Nikatazama sakafu. "Huwa naimwaga kwenye pilipili," nikasema.

Kisha nikasema yote, kuanzia pipi hadi mkokoteni, nikilia bila kujifuta. Kitu kimoja tu nilikiacha, yaani shimizi alilovaa Pacha. Muuguzi hakunikatiza. Nilipomaliza alivuta kiti karibu.

"Sikiliza. Una maambukizi kwenye njia ya mkojo, nayo yanatibika. Mtu asipokunywa maji na akazuia haja kutwa nzima, vijidudu hupata nyumba ya kupanga bila kodi. Wakizoea, hupanda ghorofani kwenye figo. Ungechelewa zaidi, tungekuwa tunazungumza habari nyingine. Nitakupa dawa. Umeze zote, hata ukijisikia umepona. Na maji unywe, tena mengi." Akavua miwani. "Hilo la kudhihakiwa nalo ni maradhi. Linamnyima mtu usingizi, chakula na akili ya darasani. Ila sina sindano yake. Mama, tiba ya hilo iko shuleni kwao."

Tulirudi nyumbani polepole, mama amenishika mkono kama nilipokuwa mdogo.

"Kwa nini hukuniambia?" akauliza.

"Niliogopa utadhani nalionea aibu shimizi lako."

"Unalionea?"

"Ndiyo, mama."

Alitembea hatua kadhaa. "Hata mimi nililionea," akasema. "Ndiyo maana nilikwambia hakuna atakayeona."

Kesho yake cherehani haikulia. Mama alivaa gauni lake la kutokea, akaenda shuleni. Mimi nilibaki kitandani na vidonge vyangu na jagi la maji. Mchana kutwa nilisikiliza nyayo za wapita njia. Naujua mwendo wa Pacha, mguu wa kulia huburuza kidogo. Wakapita wauzaji, wakapita wateja, wakapita watoto wa shule. Siku ya pili nikajiambia sisikilizi tena, nikasikiliza zaidi. Nilikuwa na hasira naye, na kama angeingia nadhani ningemrushia mto. Lakini aingie kwanza.

Aliingia siku ya nne, mchana. Alisimama mlangoni mwa chumba, ameshika madaftari yangu.

"Nimekunakilia masomo yote," akasema. "Isipokuwa hesabu. Hesabu sikuelewa hata mimi."

Akaketi chini kwenye mkeka, mbali kidogo.

"Mama yako alikuja akaongea na mwalimu. Mwalimu akatuuliza darasa zima nani alianza. Watu wote kimya, hata Redio. Nikasimama."

"Ukasema nini?"

"Nikasema nilikuwa nimeushika mlango nikauacha kwa ajili ya pipi. Nikasema na mimi ninalo la kitambaa hicho hicho, limeshonwa siku moja na lako. Nikawaambia anayetaka kucheka acheke."

"Wakacheka?"

"Mmoja. Halafu akaacha." Alichezea kona ya daftari. "Siku ile nilicheka kwanza ili wasinitazame mimi. Nikahama dawati ili wasituone pamoja wakaanza kuulizana. Halafu ile siku ya soksi, nikaona umefungua mdomo, nikajua nimekwisha. Ukaufunga. Tangu siku hiyo nikikuona, nashindwa hata kukutazama. Nisamehe, Pacha."

Nilikuwa nimelitamani neno lile wiki nyingi, nikalipangia majibu ya kila aina. Nililoweza kusema ni "Haya." Naye akasema "Haya," akaweka madaftari juu ya kiti, akaenda zake. Mguu wa kulia uliburuza hadi barabarani.

Niliporudi shuleni nilikuta mabadiliko. Mwalimu mkuu alikuwa ameita wazazi, na seremala mmoja miongoni mwao akaweka makomeo kwenye milango yote minne. Mapipa ya maji ya kunywa yaliwekwa nje ya madarasa. Mwalimu wetu alipiga marufuku majina ya kejeli, na akatufundisha somo zima kuhusu mwili, maji na haja, tukicheka mwanzoni na kunyamaza mwishoni. Redio aliniomba radhi mbele ya darasa, uso umemkunjamana kama anayemeza dawa chungu. Nitakuwa mwongo nikisema tukawa marafiki, lakini hakuniita tena Kilo Hamsini.

Kiuno hakiumi, kichwa kimetulia, mashavu yanarudi. Ningetaka nini zaidi? Lakini nilipoingia chooni siku ya kwanza nikalisukuma komeo jipya, kulikuwa kimya mno. Hakuna aliyeimba, hakuna aliyesimulia. Wasichana walikuwa wakiingia na kutoka mmoja mmoja, haraka haraka. Pacha alikuwa na dawati lake, mimi langu. Tulisalimiana vizuri, kama watu waliowahi kuishi mtaa mmoja. Nilimwonea haya, naye akanionea haya, na wiki ikaisha.

Jioni ya Ijumaa nilikuwa nikimtungia mama uzi, nikakosa tundu mara nne.

"Leo sindano imefumba macho, au wewe?" akauliza.

"Mama, nimemkumbuka Pacha."

"Si mnaonana kila siku?"

"Tunaonana. Ndiyo hivyo nimemkumbuka."

Mama akasimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. "Umemwambia?"

"Nitamwambiaje? Yeye ndiye aliyeniacha. Akitaka atarudi mwenyewe."

"Alikuja hadi kwenye mkeka wangu, mwanangu. Wewe ukamwambia 'haya.'" Akanipokonya sindano, akaichomeka kifuani pake. "Sikiliza nikwambie. Umaskini wetu si kosa lako wala langu, na anayeucheka ajionee aibu mwenyewe. Kosa letu mimi na wewe lilikuwa kuficha. Nilificha kwamba mambo ni magumu, wewe ukaficha kiu, ukaficha maumivu, hadi ukaanguka mbele ya shule nzima. Mficha maradhi kifo humuumbua. Sasa dawa umemaliza, na bado unaficha. Huyo mtoto atajuaje kama unamtaka? Asome kwenye mche wa pilipili? Mtu akipungukiwa na kitu husema. Kusema si kujidhalilisha. Waliokuponya wote walikuponya baada ya wewe kusema."

Jumatatu, wakati wa mapumziko, nilikunywa maji hadi nikafika nusu ya chupa. Kisha nikaenda kwenye dawati la Pacha. Redio alikuwepo, na wengine wawili, lakini nilikuwa nimeshaamua, na mkojo nao haukuwa na subira.

"Nisindikize," nikamwambia.

Pacha aliinua kichwa. "Komeo limeharibika?"

"Halijaharibika. Nataka tu uje."

Alikuwa ameshafunga kitabu kabla sijamaliza kusema.